Hati Moja, Darasa Zima: Hotuba kwa Walimu wa Sekondari

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa walimu wa sekondari kuhusu matumizi ya hati za pamoja za mtandaoni darasani. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya walimu ambao hawakuweza kufika.)

Mwenyekiti wa mkutano, wakuu wa shule, walimu wa masomo yote, na ninyi wenzetu mnaoshika funguo za maabara za kompyuta, nawasalimu. Itifaki imezingatiwa.

Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu, na tangu hapo swali letu limebadilika. Zamani tuliuliza vifaa vitatoka wapi. Leo shule nyingi zina chochote kitu: kompyuta kumi hivi, ruta moja, kishikwambi cha mwalimu. Swali lililobaki ni tufanye nini navyo. Jibu linalotolewa kila semina ni lilelile: fungua hati ya Google Docs, yaani hati ya mtandaoni ambayo watu wengi wanaihariri kwa wakati mmoja, tuma linki, wanafunzi waandike pamoja.

Ndugu walimu, linki haimfundishi mtu. Watoto wetu tunawaambia kila siku kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kisha tunawapa kazi ambayo kidole kimoja kinaitosha. Mtoto mmoja hodari anaimaliza peke yake, wengine wanaandika majina yao juu. Hapo teknolojia imetusaidia nini?

Kwa hiyo naanza na kazi yenyewe, kabla hatujagusa waya wowote.

Chukueni kidato cha pili chenye wanafunzi 48, kompyuta 12, na vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Somo ni Historia ya Tanzania na Maadili, mada ni Vita vya Majimaji. Mwalimu anaandika ubaoni: "Andikeni sababu na matokeo ya vita." Wanafunzi wanne wanne wanaizunguka kila kompyuta. Pita nyuma yao baada ya robo saa. Mmoja anachapa, wa pili anamsomea kutoka kitabuni, wa tatu anatafuta picha, wa nne ameegemea ukuta. Kosa la nani? La kazi. Swali lile halimhitaji yule wa nne.

Sasa tuigawe kazi ileile upya. Tengeneza vikundi sita vya watu wanane. Kila kikundi kina hati moja na kompyuta mbili, na ndani ya kikundi kuna jozi nne. Jozi ya kwanza inaandaa mtiririko wa matukio: Julai 1905 pamba inang'olewa Nandete, Umatumbini, Agosti Kinjekitile Ngwale ananyongwa Mohoro, mwezi huohuo boma la Mahenge linashambuliwa, 1906 viongozi wa Wangoni wananyongwa Songea. Jozi ya pili inajaza jedwali la maeneo: mahali, watu wa pale, walivyopigana, Wajerumani walijibu vipi. Hizo ndizo jozi za zamu ya kwanza, zinakaa kwenye kompyuta dakika 25. Jozi ya tatu na ya nne ziko mezani na vitabu na karatasi. Ya tatu inasoma habari za njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Ya nne inaandaa maswali.

Kisha mnabadilishana. Jozi ya tatu inakuta kazi ya wenzake kwenye hati na inaandika matokeo ya vita kwa sharti moja: kila aya itaje tukio au mahali palipokwisha kuandikwa juu. Kama aya ya njaa inataja Ungoni, basi Ungoni iwe imo kwenye jedwali. Ikiwa haimo, wanainuka na kuwauliza wenzao. Jozi ya nne haichapi maelezo kabisa. Inaweka maswali kwenye maoni ya pembeni, mawili kwa kila sehemu. Zamu ya pili nayo ni dakika 25. Halafu jozi mbili za mwanzo zinarudi kwa dakika 15 kuyajibu maoni yale, tena kwa kurekebisha maandishi yenyewe. Kuandika "sawa" pembeni hakuhesabiki. Dakika 10 za mwanzo ni za kufungua mashine, 5 za mwisho ni za kufunga. Jumla 80.

Mmeona tofauti? Jozi ya tatu haiwezi kuandika kabla ya mbili za kwanza. Ya nne haiwezi kuuliza kabla wenzake hawajaandika. Wakikosekana wawili, pengo linaonekana kwenye hati.

Dar es Salaam ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakapita uchochoro kwa uchochoro, wakanasa vipimo kwa vifaa vya GPS na kuweka alama kwenye karatasi, kisha wakaingiza yote kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwanafunzi alijua kuchora lakini hakujua mtaro gani huziba mvua za masika zikianza. Mkazi alijua mtaro lakini hakuwahi kuugusa mfumo wa ramani. Ukimwondoa mmoja, ramani haikamiliki. Walimu wa Jiografia, nawaombeni mliangalie hilo kwa makini, maana mtaa unaoizunguka shule yenu unaweza kuchorwa kwa njia hiyohiyo.

Jambo la pili ndilo linalonifanya nizipende hati hizi kuliko daftari, na nitakaa hapo kidogo. Ni historia ya mabadiliko.

Daftari linakuonyesha kilichobaki. Hati ya pamoja inakuonyesha kilichopita: nani aliandika nini, saa ngapi, na nani alikifuta. Kwenye Google Docs fungua hati kwa kompyuta, nenda kwenye menyu ya Faili, chagua historia ya matoleo. Upande wa kulia unatokea mpangilio wa tarehe na saa, na kila mhariri ana rangi yake. Mwisho wa kila zamu lipe toleo jina: "Zamu 1", "Zamu 2". Usipofanya hivyo utakuja kutafuta dakika fulani katikati ya mamia ya mabadiliko, na utakata tamaa.

Ni nini cha kutafuta humo? Walimu wengi hukimbilia kuona nani ameandika maneno mengi. Hicho ni kipimo kibovu, kwa sababu mwandishi wa maneno mengi anaweza kuwa amebandika tu. Aya nzima ikitokea kwa mpigo mmoja bila herufi hata moja kusahihishwa, imetoka mahali pengine: kwenye tovuti, kwenye programu ya akili bandia, au kwenye simu ambako mtoto aliiandika mwenyewe kwa uhalali kabisa. Usihukumu. Mwite, mwambie akueleze aya ile kwa mdomo. Dakika mbili zinatosha kujua.

Tafuta zaidi kilichofutwa. Tuseme msichana mmoja wa kikundi ameandika: "Watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba shambani, ikawa ndiyo ishara ya kuanza vita." Dakika nne baadaye mwenzake, anayeaminika kuwa kichwa cha darasa, anaifuta na kuweka: "Wananchi walichoka na ukoloni." Katika nakala ya mwisho utaona sentensi ya huyo mvulana, safi, haina kosa la tahajia, na haina habari yoyote. Bila historia ungempa yeye alama. Bila historia msichana yule angejifunza kwamba sauti yake haina nafasi, nawe usingejua. Je, ni mara ngapi jambo hili limetokea kwenye kazi za vikundi za karatasi bila sisi kulijua? Likitokea, rudisha sentensi yake, iweke ubaoni pamoja na ile iliyoichukua nafasi yake, uliulize darasa ipi inamwambia msomaji jambo. Usitaje majina. Watajuana.

Wanafunzi wenyewe waelezwe mapema kwamba hati inakumbuka, maana mtu anayejua kuwa kazi yake imeandikwa kwa jina lake huandika kwa uangalifu. Wasimulieni ya Agosti 2007. Mwanafunzi wa Marekani, Virgil Griffith, alitengeneza chombo kilichoitwa WikiScanner. Kililinganisha mabadiliko yaliyofanywa Wikipedia bila jina na orodha ya mitandao ya kompyuta ya makampuni na ofisi za serikali. Ikaonekana kwamba kwenye mtandao wa Diebold, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupigia kura, kuna mtu alifuta aya zilizokuwa zikizikosoa mashine hizo. Aliyefuta hakuandika jina lake. Historia ya ukurasa ilikuwa imehifadhi anwani ya mtandao aliotumia, na aya zilizofutwa zilikuwa bado zimo.

Lakini historia hii inaharibika kirahisi, na hapa naomba kalamu zitoke.

Ukiruhusu kila mwenye linki ahariri bila kuingia kwenye akaunti, Google Docs inawaita watu wako majina ya wanyama, na kwenye historia wote wanawekwa kapu moja la watumiaji wasiojulikana. Umepoteza kila kitu nilichokisema. Mwanafunzi akitengeneza nakala ya hati, nakala inaanza historia mpya, ya zamani haifuati. Akiipakua kuwa faili la Word, hivyo hivyo. Na mwanafunzi wa mchana akikuta akaunti ya mwenzake wa asubuhi iko wazi, atachapa saa nzima kwa jina lisilo lake. Dawa ya hilo la mwisho ni kutumia dirisha la mgeni la Chrome, ambalo likifungwa linasahau akaunti.

Akaunti zenyewe mnazipataje? Msijaribu kufungua 48 kwa simu moja siku moja; Google itaikataa namba hiyo baada ya akaunti chache. Shule inayotambulika inaweza kuomba Google Workspace ya elimu, toleo la msingi halina malipo, ila shule iwe na kikoa chake cha intaneti, yaani jina lake la mtandaoni kama lile la tovuti. Hapo msimamizi anaingiza orodha ya wanafunzi kwa mara moja. Hilo likiwa bado, fungueni taratibu, kwa majuma kadhaa, akaunti moja kwa kila kompyuta: Kompyuta 01 mpaka Kompyuta 12. Kisha wekeni daftari la kawaida mlangoni: kompyuta namba ngapi, jozi gani, imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi. Historia ya hati inakupa namba ya kompyuta na saa, daftari linakupa majina. Ni njia ya kizamani, na inafanya kazi.

Tatu, mtandao. Hapa ndipo vipindi vingi hufia.

Kuchapa maandishi hakuli MB nyingi. Kinachoua kipindi ni dakika tatu za mwanzo, mashine zote 12 zinapofungua ukurasa kwa pamoja, huku Windows nayo imeamka na kuanza kupakua masasisho yake. Siku moja kabla, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta, uweke alama kwamba muunganisho huu una kikomo cha data. Windows itapunguza sana upakuaji wake wa nyuma. Siku ya kipindi, fungueni mashine nne nne. Picha zipigwe marufuku mpaka zamu ya mwisho, kwa sababu picha moja ya simu ya kisasa inabeba data kuliko insha zote za darasa.

Kuna anayetegemea hotspoti ya simu? Simu nyingi huishia vifaa vinane au kumi. Kompyuta ya 11 inakataliwa bila maelezo, mwalimu anadhani imeharibika, anaizima na kuiwasha mpaka kengele inalia. Laini ya simu iwekeni kwenye ruta.

Na kama bando limeisha kabisa? Au shule haina intaneti? Bado kazi inaendelea. Kuna programu inaitwa Etherpad, na ina kisa chake. Ilianza 2008, ikapendwa kwa sababu ilionyesha kila mwandishi kwa rangi yake, herufi kwa herufi. Desemba 2009 Google ikainunua kampuni iliyoitengeneza, ikatangazwa kwamba huduma ingefungwa. Watumiaji wakalalamika sana, na mwezi huohuo msimbo wake ukatolewa huru kwa watu wote. Ndiyo maana leo shule yoyote inaweza kuisimika kwenye kompyuta yake bila kulipa.

Inavyosimikwa: chagua laptopu moja yenye betri nzima, isimikwe Node.js, programu inayoiendesha Etherpad, kisha Etherpad yenyewe. Iunganishe na ruta, uipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kompyuta nyingine zinafungua kivinjari na kuandika http://192.168.1.10:9001, basi. Hakuna akaunti, hakuna bando, data haitoki nje ya chumba. Kila anayeingia aandike jina lake kabla ya kuchapa, na kitelezi cha muda kinakurudishia maandishi yote tangu herufi ya kwanza. Panapoharibika ni hapa: hifadhi inayokuja nayo, ile ya dirty.db, ni ya majaribio tu, kwa hiyo mwombeni fundi aiunganishe na hifadhidata ya kweli kama MariaDB au PostgreSQL. Etherpad inamtambua mwandishi kwa kivinjari, hivyo jozi mpya ikikaa kwenye kompyuta ileile bila kufunga dirisha la mgeni itarithi jina la waliotangulia. Na umeme ukikatika laptopu itaendelea, ila ruta itazimika. Kama mashine za wanafunzi nazo zina betri, UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, inamaliza tatizo hilo.

Jambo la nne nalisema kwa kifupi: chombo chochote cha mtandaoni kinaweza kufungwa. Wikispaces ilipendwa sana na walimu wa nchi nyingi, na 2018 ikafunga. Ubao wa Jamboard wa Google ulizimwa mwisho wa 2024. Kila mwisho wa mada, pakua hati zote ziwe PDF, uzihifadhi kwenye flashi mbili, moja ofisini kwa mkuu wa shule.

La mwisho ni usalama wa watoto hawa, na hapa sitaki mtu yeyote alegeze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023. Majirani zetu Kenya wana yao tangu 2019, nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Sasa tazameni tunachofanya. Mwalimu anaweka linki ya kuhariri kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi mmoja anaituma kwingine. Usiku mtu asiyejulikana yumo ndani ya hati ya watoto, anasoma majina yao, anaandika anachotaka. Linki ya kuhariri isitoke nje ya darasa. Wazazi wakitaka kuona, na wana haki ya kuona, wapeni linki ya kutazama tu. Kwenye hati tumieni jina la kwanza peke yake. Namba ya mtihani, namba ya simu na picha ya mtoto visiwemo. Mada ikiisha, badilisha ruhusa za hati iwe ya kutazama tu siku hiyohiyo, usisubiri mwisho wa muhula. Na kabla hamjaanza, barua iende kwa wazazi kwa Kiswahili kilicho wazi: chombo gani kinatumika, kwa kazi gani, taarifa gani za mtoto zitaingia, nani atazisoma.

Walimu wenzangu, msianze na darasa zima wala na mada nzima. Chagueni kikundi kimoja cha wanane, kompyuta mbili, aya nne, nje ya ratiba, mchana mmoja baada ya vipindi. Wapeni zamu zile tatu mlivyoziona. Wakimaliza, kaeni nao mfungue historia ya hati pamoja, muisome tangu mwanzo, kila mmoja aeleze alibadilisha nini na kwa nini. Mtagundua kwamba dakika 25 ni chache kwa wasiozoea kibodi, na mtaongeza. Mtagundua swali gani halikumhitaji mtu, na mtalibadilisha kabla wanafunzi 48 hawajakaa.

Mwenyekiti, maabara iko wazi, mashine sita zimeunganishwa na Etherpad bila intaneti, na daftari liko mlangoni. Naomba tupokee maswali tukiwa kule, kila jozi kwenye kompyuta yake.